Ua wa Wote: Nafasi za Wazi Zipimwe Kabla ya Ghorofa Kujengwa

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 2,372,015 katika Mkoa wa Mara. Sensa iliyotangulia, ya mwaka 2012, ilikuwa imewahesabu 1,743,830. Tofauti ni zaidi ya watu laki sita katika muda wa miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulala. Mji wa Musoma nao hauwezi kutanuka kila upande, kwa kuwa umekaa juu ya rasi iliyoingia ziwani. Unakua kuelekea bara, kwenye ardhi ambayo hadi majuzi ilikuwa mashamba. Wakazi wa Kigera wanaifahamu hali hiyo. Shamba la mzee hugawanywa kwa watoto, watoto huuza vipande, na kila kipande huinua kuta zake bila kuuliza jirani ameacha nini.

Nyumba za chini zinapojaa, ardhi hupanda bei. Na ardhi ikipanda bei, watu hujenga kwenda juu. Hivyo ndivyo ilivyotokea Kariakoo, Dar es Salaam. Nyumba za awali za mtaa huo zilikuwa za ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Katika ua ndimo mlimokuwa na jiko, kamba ya nguo, mtungi wa maji, pengine mpapai au mwarobaini, na watoto. Majengo ya ghorofa yalipoanza kuchukua nafasi ya nyumba hizo, viwanja havikuongezeka ukubwa. Jengo jipya lilikalia kiwanja chote, pamoja na mahali palipokuwa na ua. Kaya ziliongezeka mara kumi au zaidi juu ya ardhi ileile, na ua ukatoweka. Hakuna kikao kilichoamua kuufuta. Ulifutwa kiwanja kwa kiwanja.

Kigera bado haijafika huko, na kwa sababu hiyo huu ndio wakati ambapo mpango una nguvu. Nafasi ya wazi ni huduma tofauti na maji au umeme. Bomba linaweza kupitishwa barabarani baada ya nyumba kujengwa, na nguzo inaweza kusimikwa mwaka wowote fedha inapopatikana. Uwanja hauwezi kuletwa baadaye ila kwa kubomoa na kulipa fidia, na fidia ya mjini ni mzigo ambao halmashauri nyingi haziwezi kuubeba.

Hesabu ya kiwanja kimoja

Suala hili hueleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Chukua kiwanja cha mita za mraba 4,000, yaani karibu ekari moja. Kikigawanywa kwa nyumba za kawaida za mita za mraba 400 kila kiwanja, hupatikana viwanja 10 hata kabla ya kuondoa njia. Kaya ya watu 5 kwa kila nyumba hufanya watu 50. Nyumba ikichukua mita za mraba 120, kila mtu hubakiwa na zaidi ya mita 50 za uani kwake.

Sasa weka jengo la ghorofa sita linalofunika robo ya kiwanja hichohicho. Sakafu zote kwa pamoja zitakuwa mita za mraba 6,000. Kila makazi yakihesabiwa mita 75, pamoja na sehemu yake ya ngazi na ukumbi wa kupitia, hupatikana makazi 80, yaani watu 400. Ardhi iliyobaki ni mita 3,000. Kaya mbili zikihesabiwa gari moja, magari 40 na njia zake huchukua mita 1,000. Njia ya gari la zimamoto, tangi la maji, mashimo ya majitaka na mahali pa gari la kunyonya majitaka huchukua walau mita 500 nyingine. Zinabaki mita 1,500: kwa kila mkazi, eneo lisilozidi sana mkeka mmoja mkubwa.

Mwenye kiwanja anaweza kuona kwamba robo ni ndogo, akaomba kufunika nusu. Makazi huwa 160 na watu 800. Ardhi iliyobaki ni mita 2,000, na magari 80 kwa kipimo kilekile huzimaliza zote. Majitaka bado hayajapata pa kwenda, wala mti mmoja haujapandwa. Ndiyo maana mpima majengo anapokagua ramani haishii kuuliza jengo lina ghorofa ngapi. Swali zito zaidi ni jengo linafunika sehemu gani ya ardhi. Jengo refu linaloacha ardhi linaweza kuwa jirani mwema kuliko jengo fupi linalomeza kiwanja chote.

Hata mpango ulio mzuri wa kiwanja kimoja una mwisho wake. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 unahitaji mita za mraba 7,140, karibu mara mbili ya kiwanja chote cha mfano wetu. Hakuna mwenye jengo atakayeutoa. Kuna nafasi zinazopaswa kutoka ndani ya kiwanja, na kuna nafasi zinazopaswa kutoka katika mchoro wa mtaa mzima, kabla viwanja havijakatwa.

Nafasi ikae wapi

Ukubwa peke yake hautoshi. Mjini Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga majumba ya Michenzani kwa mpango ulioandaliwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Majumba hayo, ambayo urefu wa moja hukaribia mita 300, yamepangwa kando ya barabara mbili pana zinazokutana kwenye mzunguko. Nafasi ipo, na ni kubwa. Lakini sehemu yake kubwa imelala upande wa barabara. Nafasi ya namna hiyo hufaa kwa matembezi, mikusanyiko na biashara ya jioni. Haimfai mtoto wa miaka minne ambaye mama yake yuko jikoni ghorofa ya tano.

Vienna, mji mkuu wa Austria, halmashauri ya jiji ilijenga kati ya mwaka 1927 na 1930 nyumba za wafanyakazi ziitwazo Karl-Marx-Hof. Jengo lina urefu unaozidi kilometa moja na lilikuwa na makazi 1,382. Hata hivyo, kuta zake zinafunika chini ya sehemu moja ya tano ya ardhi. Sehemu iliyobaki ni bustani na nyua zilizozungukwa na jengo lenyewe, hivyo madirisha mengi yanatazama ndani. Ni ua uleule wa nyumba ya Kariakoo, umekuzwa kwa kiasi cha mtaa.

Kipimo chepesi kwa mtu anayesoma ramani ya jengo ni hiki: asimame kwa fikra kwenye dirisha la jiko, aulize kama atamwona na kumtambua mtoto anayecheza chini, na kama sauti yake itamfikia. Ghorofa ya tatu au ya nne inawezekana. Kutoka ghorofa ya nane, mtoto ni nukta. Kwa hiyo uwanja mdogo wa watoto wa chini ya umri wa shule ukae mlangoni pa jengo, ndani ya ua. Uwanja mkubwa wa vijana unaweza kuwa mbali kiasi. Umoja wa Mataifa, katika kupima lengo la 11 la Maendeleo Endelevu, huchukua mita 400 za kutembea kwa miguu kuwa umbali wa juu kutoka nyumbani hadi nafasi ya wazi ya umma. Mtoto wa darasa la pili anaweza kutembea mita 400 bila kuvuka barabara kuu, endapo mchoro ulikumbuka kutomwekea barabara kuu katikati.

Kuna matumizi mengine ambayo vitabu vya mipango kutoka nje haviyataji, nayo ni msiba. Kaya 80 zikikaa mahali pamoja, hautapita muda mrefu kabla ya mmoja wao kufiwa. Nyumba ya chini hufunga turubai uani au mbele ya nyumba, viti vya kukodi hupangwa, akina mama huweka mafiga nyuma, na waombolezaji hukesha. Aliye ghorofani hana pa kufanya hayo. Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyeishi katika majengo ya namna hiyo: turubai hufungwa barabarani na njia hufungwa kwa siku tatu, au msiba huhamishiwa kwa ndugu mwenye kiwanja, na majirani wa marehemu hugeuka wageni. Ua wa pamoja wenye uwanda wa mita 15 kwa 20 usio na mteremko, ulio mbali kidogo na madirisha ya vyumba vya kulala, wenye bomba la maji na pembe ya kupikia, hutatua jambo hilo. Siku nyingine uwanda huohuo hupokea harusi, kipaimara, mkutano wa mtaa au chanjo ya watoto. Mchoraji akiambiwa mapema, hauongezi gharama yoyote ya maana.

Kijani cha Mara

Neno kijani huwafanya wengi wafikirie nyasi zilizofyekwa na maua yaliyopangwa kwa mstari. Picha hiyo ilitoka nchi za baridi, ambako nafasi huachwa kati ya majengo ili jua lipate kuingia. Musoma iko karibu nyuzi moja na nusu kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu utosini mwaka mzima, na hata jengo la mita 18 hutoa kivuli kifupi saa hiyo. Kinachohitajika hapa ni mti. Nyasi huhitaji kumwagiliwa kila kiangazi na hazimkingi mtu; mti, ukishapita miaka miwili au mitatu ya kutunzwa, hujitafutia maji na huwapa kivuli watu ishirini.

Aina ya mti nayo ina mahali pake. Mwarobaini huvumilia ukame na hukua haraka. Mkuyu ni mti wa fahari, lakini mizizi yake haipaswi kukaribishwa kwenye mabomba wala mashimo ya majitaka. Mwembe una kivuli bora kuliko yote, ila asiupande karibu na madirisha ya vioo mtu asiyejua namna watoto wanavyoangua maembe.

Upepo pia ni rasilimali. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara. Majengo marefu yakipangwa kama ukuta mbele ya ziwa, safu ya kwanza huufaidi upepo na mtaa wote wa nyuma huukosa. Yakigeuzwa ili ncha zake fupi zielekee mashariki na magharibi, mambo mawili hupatikana kwa pamoja: upepo hupita katikati yake, na jua kali la asubuhi na jioni hupiga ukuta mfupi badala ya ule mrefu wenye madirisha mengi.

Mvua ndiyo huonesha haraka zaidi kosa la kufunika ardhi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya masika ya milimita 40 ikinyesha juu ya kiwanja chetu cha mita 4,000 hushusha lita 160,000. Palipo na udongo na mizizi, sehemu nzuri ya maji hayo huzama. Palipo na paa, zege na lami, karibu yote hukimbia, yakachimba barabara ya vumbi ya jirani wa chini, yakaingia nyumbani kwake, kisha yakabeba taka na tope hadi ziwani. Ziwa hilohilo ndilo chanzo cha maji yanayosukumwa kwa wateja wa Mamlaka ya Maji Musoma.

Ardhi ya Musoma imejaliwa pia nafasi za wazi ambazo hazikupangwa na mtu. Majabali yaliyotapakaa vilimani ni magumu kujengea na mazuri kukalia jioni. Mara nyingi huonekana kuwa kikwazo, hupasuliwa kokoto na kusawazishwa, ilhali mchoro ungeweza kuyaacha yawe bustani ya mtaa bila gharama. Kando ya ziwa, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wapo walioiona sheria hiyo kuwa ya kuwaonea, hadi mwaka 2020, ziwa lilipopanda na kufikia kimo cha mafuriko ya mwaka 1964. Ukanda huo ukiunganishwa na mitaa kwa njia za miguu, mji huwa na bustani ndefu ambayo tayari inalindwa na sheria.

Kutoka mchoro hadi jiwe la mpaka

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Mchoro wa mipango miji huonesha viwanja vya makazi, barabara, shule, zahanati na maeneo ya wazi. Ukishaidhinishwa, upimaji hufuata na mawe ya mipaka husimikwa. Ni katika hatua hii maeneo ya wazi hupotea. Kiwanja cha makazi kina mwenyewe anayesubiri hati na kulinda mawe yake. Eneo la wazi lina rangi ya kijani kwenye karatasi tu. Likikaa miaka mitano bila namba, bila hati na bila uzio wa miti, huanza kuitwa pori, kisha kibanda cha kwanza hujengwa. Dawa yake inajulikana kitaalamu: eneo hilo lipimwe sawa na viwanja vingine, lipewe namba yake, na limilikishwe kwa jina la halmashauri kwa matumizi yaliyotajwa. Kubadili matumizi hayo kunahitaji utaratibu wa kisheria ulio wazi, na wananchi wana haki ya kupinga.

Haki hiyo si ya maandishi tu. Mwaka 1989, Nairobi, kulipokuwa na mpango wa kusimika jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine na kusimama hadharani kuupinga, licha ya kutukanwa. Wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Uhuru Park ilikuwa bustani inayojulikana na taifa zima, na bado ilihitaji mtetezi. Kiwanja cha watoto cha mtaa kinahitaji zaidi.

Ugumu wa Kigera na maeneo yanayofanana nayo ni kwamba ardhi kubwa iko mikononi mwa familia, wala si akiba ya Serikali. Urasimishaji wa makazi unapofika baada ya nyumba kujaa, wapimaji hufaulu kupata njia na mara chache sana hupata uwanja. Upo utaratibu wa mapema zaidi, nao hutegemea maelewano. Familia 10 zenye ekari mbili mbili zinazopakana zikikubaliana, kabla ya kuuza, kila moja itoe sehemu moja ya kumi kwa ajili ya nafasi ya wazi, hupatikana ekari mbili, takribani mita za mraba 8,000. Hizo zinatosha uwanja kamili wa mpira na safu ya miti kuuzunguka. Ardhi ya barabara huhesabiwa kando.

Kikwazo ni kwamba sehemu hizo kumi zinapaswa kuwa mahali pamoja. Vipande kumi vilivyotawanyika ni vichochoro kumi. Familia ambayo uwanja utaangukia kwake haipaswi kubeba hasara peke yake. Hufidiwa kwa viwanja vilivyopimwa kutoka kwa wale tisa wengine, na wote hugawana kilichobaki kwa uwiano wa walichochangia. Kila mmoja huondoka na ardhi pungufu kidogo, iliyopimwa, yenye njia na uwanja jirani, na ardhi ya namna hiyo huuzwa kwa bei nzuri kuliko shamba lisilo na mipaka. Mazungumzo ya aina hii huwa marefu. Huhitaji wazee wa familia, viongozi wa eneo na Afisa Mipango Miji kuketi pamoja, mara nyingi zaidi ya mara moja, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa na wote wenye haki katika ardhi, wakiwamo wanawake.

Nani atafagia

Nafasi ikishapatikana, hubaki suala la matunzo. Kwa majengo ambayo kila ghorofa au kila makazi yana mmiliki wake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inazitambua sehemu za pamoja, kama ngazi, paa na ardhi inayozunguka jengo, kuwa mali ya wamiliki wote kwa hisa, na inawataka wawe na chombo cha kuzisimamia. Mchango wa mwezi wa kufagia, kumwagilia na kukarabati hutajwa wazi kabla ya mtu kununua. Pale jengo lote linapokuwa la mwenye nyumba mmoja na wakazi ni wapangaji, jukumu ni lake, na hapana ubaya likaandikwa katika mkataba wa pango. Nafasi za umma za mtaa hutunzwa na halmashauri pamoja na kamati za mitaa. Zilizofaulu kwa kawaida ni zile zilizopata watumiaji wa kila siku, kama timu ya mpira ya vijana au wauza matunda waliopewa pembe yao kihalali, kwa kuwa mahali penye watu hapageuzwi jalala kirahisi.

Mwananchi anayekusudia kununua kiwanja au makazi anaweza kufika Idara ya Ardhi na Mipango Miji saa za kazi na kuomba aoneshwe mchoro wa eneo husika. Alitafute eneo la wazi lililo karibu, aulize namba yake, kisha aende akalione kwa macho. Familia za Kigera zenye mashamba yanayopakana na zinazofikiria kuuza zinashauriwa kufika kwa Mtendaji wao kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa, kwa kuwa kuanzia hapo mnunuzi naye lazima akubali, na mara nyingi tayari amekwisha kumwaga mawe ya msingi.